Kurudiana au Kuanza Upya: Filamu Nne za Kuchekesha Kuhusu Talaka, kwa Mizani Moja

Mtu akikuomba umtajie filamu ya kuchekesha kuhusu talaka, kabla hujamjibu muulize kwanza: talaka yenyewe ina umri gani? Aliyetoka mahakamani mwezi uliopita na aliyeachika miaka kumi iliyopita hawawezi kukaa mbele ya filamu moja wakaondoka na faraja ile ile. Mmoja bado anahesabu vikombe vilivyobaki kabatini. Mwingine amekwisha kusahau hata kishindo cha nyayo za mwenzake, na kinachomtia hofu sasa ni mwaliko wa chakula cha jioni kutoka kwa mtu asiyemjua.

Filamu nilizozichagua ni nne, zote za Marekani: The Awful Truth ya 1937, It's Complicated ya 2009, Crazy, Stupid, Love ya 2011 na Enough Said ya 2013. Zote zinaanzia mahali ambapo filamu nyingi za mapenzi huishia, yaani baada ya harusi, tena baada ya ndoa kuingia ufa. Lakini kila moja ina swali lake. Ya kwanza inauliza kama kuachana kwenyewe hakukuwa kosa. Ya pili inauliza itakuwaje mtalaka wako akirudi wakati umeshazoea kuishi bila yeye. Ya tatu inamfuata mwanamume aliyeoa mapema na hajui kutongoza, akalazimika kujifunza akiwa mtu mzima. Ya nne ndiyo yenye swali gumu kuliko zote: utamwaminije mtu mpya, ikiwa kila siku unamsikiliza mtu aliyeshindwa kuishi naye?

Siwezi kuzilinganisha bila kusimulia kidogo. Crazy, Stupid, Love ina fundo kubwa katika nusu yake ya pili, na hilo sitalifungua. Mengine nitayataja kwa kiasi.

Vipimo nilivyotumia

Nimetazama mambo matano. Kwanza, talaka inapewa uzito gani: inauma, au ni kisingizio cha kuwakutanisha tena watu wawili wazuri? Pili, mtu mpya anayetokea baada ya ndoa kuvunjika: ni binadamu kamili, au ni ngazi ya kuwapandisha wahusika wakuu kisha ikatupwa? Tatu, watoto wanaonekana wapi katika hayo yote. Nne, ni kicheko cha aina gani. Tano, filamu inafunga vipi, maana mwisho ndio anaoondoka nao mtazamaji.

Kipimo cha pili nakijali kuliko vyote. Filamu ya kuchumbiana upya isiyomheshimu mchumba mpya inamfundisha mtazamaji kwamba watu wote atakaokutana nao baada ya ndoa yake ni wapita njia tu. Kwa mtu aliyeachika, hilo si jambo dogo.

Talaka inauma kiasi gani

Katika The Awful Truth, Jerry Warriner, anayeigizwa na Cary Grant, anarudi nyumbani New York akijifanya alikuwa Florida, na kapu la machungwa mkononi kama ushahidi. Machungwa yenyewe yana muhuri wa California. Mkewe Lucy, yaani Irene Dunne, naye hayupo nyumbani; anaingia baadaye na mwalimu wake wa kuimba, akieleza kwamba gari liliwaharibikia njiani. Nani alifanya nini hasa, filamu haituambii hata mwishoni. Imani inayeyuka ndani ya chumba kimoja, mbele ya wageni, na filamu haipotezi muda wako mahakamani. Talaka inatolewa, ila haikamiliki mpaka kipindi cha kungojea kiishe. Msomaji wa Kiswahili atafikiria eda, na hatakosea sana, isipokuwa hapa wanaongoja ni wote wawili, na kila mmoja anautumia muda huo kuharibu mipango ya mwenzake.

Kuna jambo moja la kihistoria linaloongeza ladha. Enzi hizo sheria ya jimbo la New York iliruhusu talaka kwa sababu moja tu, uzinzi, na haikulegezwa hadi mageuzi yaliyopitishwa mwaka 1966. Kwa hiyo shaka ya nani alilala wapi haikuwa umbea tu. Ndiyo iliyokuwa ufunguo wa mlango wa mahakama. Filamu inalibeba jambo zito hilo kama unyoya. Maumivu yapo, lakini yamefichwa chini ya tabasamu la Grant, hasa pale anapocheka kwa sauti kubwa kuliko kichekesho chenyewe.

It's Complicated, iliyoandikwa na kuongozwa na Nancy Meyers, inaanza kidonda kikiwa kovu. Jane, ambaye ni Meryl Streep, ana bekari yake Santa Barbara, ana watoto watatu wakubwa, na ameachana na Jake kwa miaka kumi. Jake, anayeigizwa na Alec Baldwin, ni mwanasheria aliyemwacha akamwoa Agness, mwanamke mdogo kwa umri. Jane na Jake wanasafiri hadi New York kwa mahafali ya mtoto wao wa kiume, wanakutana baa ya hoteli, wanakunywa, wanacheka, na asubuhi wanaamka kitanda kimoja. Hapo ndipo kisa kinapopata ukali wake: Jane sasa ndiye mchepuko wa mume wa mwanamke aliyewahi kuwa mchepuko wa mume wake. Filamu inajua kwamba kulipiza kisasi kuna utamu, na inajua pia kwamba utamu huo una tarehe ya kuharibika.

Kidonda kibichi kuliko vyote kimo katika Crazy, Stupid, Love. Cal na Emily, yaani Steve Carell na Julianne Moore, wako mezani mgahawani wakichagua kitindamlo. Cal anapendekeza kila mmoja ataje anachotaka kwa pamoja. Yeye anataja kitamu cha kumalizia chakula; mkewe anataja talaka. Njiani kurudi nyumbani Emily anaendelea kujieleza, na Cal, asiyeweza kusikia zaidi, anafungua mlango na kujitupa nje ya gari linalotembea. Unacheka, kisha kicheko kinakukwama kooni, kwa sababu aliyewahi kupewa habari ile anaijua hamu hiyo ya kuwa popote pengine duniani isipokuwa kwenye kiti kile.

Enough Said haina tukio la talaka kabisa. Eva ni mkandaji wa miili mjini Los Angeles, ameachika zamani, ana binti anayekaribia kwenda chuo kikuu. Albert naye ameachika, naye ana binti anayeondoka mwaka huo huo. Kinachouma si ndoa iliyopita bali ukimya unaokuja nyumbani. Nimewaona watu waliovuka talaka yenyewe wakiwa wamesimama imara, kisha wakatetemeka siku mtoto wa mwisho alipofunga sanduku lake. Filamu hii imeandikwa kwa ajili yao.

Tofauti ya zama inaonekana hapa. Mwaka 1969 gavana wa California, Ronald Reagan, alitia sahihi sheria iliyoruhusu talaka bila mmoja kuthibitisha kosa la mwenzake, ikaanza kutumika mwaka uliofuata, na majimbo mengine yakafuata kwa zamu. New York ilikuwa ya mwisho, mwaka 2010. Ndiyo maana filamu ya 1937 inashughulika na nani alidanganya, ilhali hizi za karne yetu zinashughulika na namna ya kuishi baada ya kudanganywa.

Mtu mpya: binadamu au ngazi?

Lucy anapomwacha Jerry anakutana na jirani, Dan Leeson, tajiri wa mafuta kutoka Oklahoma anayeishi na mama yake. Ralph Bellamy alimwigiza vizuri hadi akateuliwa kuwania Oscar. Dan ni mkarimu, anampenda Lucy kwa moyo mweupe, hana hila. Filamu inamcheka kuanzia anapofungua mdomo hadi anapotoweka. Jerry naye anamchumbia binti wa familia tajiri, na binti huyo anafanywa kuwa ukuta wa kurushia mipira. Haiwezi kuwa vinginevyo. Mwanafalsafa Stanley Cavell aliandika kitabu mwaka 1981 kuhusu vichekesho vya aina hii vya Hollywood, ambamo kiini si watu wawili kupendana bali watu walewale wawili kupendana tena. Katika mpangilio huo mtu wa tatu hana budi kushindwa. Isitoshe, tangu 1934 kanuni za udhibiti wa filamu Marekani zilikuwa zinakaza kamba kuhusu mapenzi nje ya ndoa; wanandoa ambao talaka yao haijakamilika waliwapa waandishi nafasi ya kuchezea utani wa chumbani bila kuvunja sheria. Naielewa sababu hiyo. Bado, kama wewe ni Dan wa mtu, filamu hii itakuchoma.

Meyers ana adabu zaidi. Mtu mpya wa Jane ni Adam, msanifu majengo anayemchorea upanuzi wa nyumba, naye akiwa mtu aliyeachika. Steve Martin, anayejulikana kwa vichekesho vya fujo, hapa ameshusha sauti. Adam anasikiliza. Anakuja na michoro yake, anauliza swali, anangoja jibu. Tatizo ni kwamba Jake wa Baldwin anaingia chumbani kama upepo wa kaskazi na kila mtu anamgeukia, pamoja na kamera. Kwa nusu ya filamu Adam anabaki kivulini. Kisha inakuja ile jioni baada ya sherehe, Jane anapomfungulia bekari yake usiku na kumwokea mkate mtamu wa chokoleti kwa mikono yake. Hawana haraka. Unga mezani, tanuri likiwaka, watu wawili wenye historia zao wakila kitu cha moto. Kwangu hayo ndiyo mahaba ya watu waliokwisha kuumia: mtu anakupikia kile anachokijua vizuri kuliko vyote, anakutazama ukila.

Crazy, Stupid, Love ndiyo inayonipa shida hapa, na naipenda, kwa hiyo nasema kwa uchungu. Cal anaokotwa baa na Jacob, kijana mtanashati anayeigizwa na Ryan Gosling, aliyechoka kumsikia akimsimulia kila mtu kuhusu mwanamume aliyelala na mkewe. Jacob anamtupia viatu vyake vya mazoezi, anamvisha upya, anamfundisha kutongoza. Mwanamke wa kwanza kumkubali Cal ni Kate, aliyeigizwa na Marisa Tomei kwa nguvu zote. Kate ana historia, ana udhaifu, anajiweka wazi mbele ya mtu asiyemjua. Filamu inamtumia kwa kicheko, kisha kwa kicheko kikubwa zaidi, basi. Hakuna anayerudi kumwomba radhi kwa uzito unaostahili. Hata David, mwenzake Emily kazini aliyeigizwa na Kevin Bacon, si mtu mbaya, lakini jina lake limegeuzwa kuwa kibwagizo cha utani. Penzi jipya lililoandikwa kwa uangalifu ni la Jacob na Hannah wa Emma Stone, hasa usiku wanaoumaliza kwa mazungumzo wakati Jacob alikuwa amepanga jambo jingine. Ni tukio zuri kuliko yote kwenye filamu hiyo. Ila wawili hao hawakuwahi kuoa wala kuolewa.

Sasa Enough Said. Nicole Holofcener, mwandishi na mwongozaji wake, amemweka mtu mpya katikati ya meza na kutulazimisha tumtazame. Katika sherehe moja Eva, yaani Julia Louis-Dreyfus, anakutana na watu wawili: Albert, mwanamume mnene, mtaratibu, mcheshi, anayefanya kazi ya kuhifadhi kumbukumbu za televisheni, na Marianne, mshairi wa Catherine Keener, mwenye nyumba nzuri na maneno yaliyochaguliwa. Albert anakuwa mpenzi wake. Marianne anakuwa mteja wake wa kukandwa, halafu rafiki. Marianne anapenda kulalamika kuhusu mtalaka wake: alivyokuwa mzembe, alivyokuwa akichokoa rojo la parachichi ili kukwepa vitunguu. Siku moja Eva anatambua kwamba mtalaka huyo ni Albert.

Angeweza kusema. Hakusema. Aliendelea kusikiliza, na kuanzia hapo kila alichokuwa akikipenda kwa Albert kikaanza kubadilika rangi. Vitunguu alivyokuwa haoni sasa anaviona. Kuna jioni wanakula kwa marafiki, Eva anaanza kumtania Albert kuhusu mwili wake, mzaha juu ya mzaha, mbele za watu, na unaona uso wa James Gandolfini ukijifunga taratibu kama dirisha. Ndani ya gari Albert anamwambia kwamba alijihisi kama ameitumia jioni ile na mke wake wa zamani. Hajui kwamba amesema kweli tupu. Sijui tukio jingine katika vichekesho vya mapenzi linaloonyesha kwa usahihi namna hiyo jinsi talaka ya mtu mwingine inavyoweza kuingia ndani ya penzi lako na kulila kutoka ndani, kama mdudu kwenye embe. Gandolfini alifariki Juni 2013 akiwa na miaka 51, miezi michache kabla filamu haijatoka, na upole aliouacha pale ni vigumu kuutazama ukabaki kama ulivyokuwa.

Watoto

The Awful Truth haina watoto. Ina mbwa, Mr. Smith, na mahakama inamwachia mbwa achague wa kuishi naye. Lucy anashinda kwa kumwonyesha kidoli chake kwa siri. Ni kichekesho kitamu, na kwa wasio na watoto ni nafuu kubwa: hakuna anayeumia isipokuwa waliopendana.

Katika It's Complicated watoto watatu ni watu wazima, na ukubwa wao ndio unaowafanya wazazi wajidanganye kwamba hawataumia. Siri inapofichuka, Jane anawakuta wamejikunyata pamoja kitandani kama watoto wadogo, macho yamevimba. Tukio hilo ni fupi, lakini lina ukweli ambao wazazi wengi hawapendi kuusikia: aliyelilia talaka ya wazazi wake akiwa na miaka 13 hataki kuilia mara ya pili akiwa na miaka 23. Aliyejua mapema ni Harley, mchumba wa binti mkubwa, na John Krasinski anaibeba siri hiyo kwa uso wa mtu anayekaribia kupasuka.

Crazy, Stupid, Love ina Robbie, mvulana wa miaka 13 anayempenda yaya wao Jessica mwenye miaka 17, ambaye naye moyo wake umeelekea kwa Cal. Robbie ndiye anayeamini ndoa ya wazazi wake kuliko wazazi wenyewe, na hilo limeigizwa vizuri. Mkondo wa Jessica, hata hivyo, filamu inauchukulia kwa wepesi ambao wazazi wengi hawatauvumilia. Kama una kijana wa umri huo nyumbani, itazame peke yako kwanza.

Katika Enough Said kuna jambo dogo ambalo wengi hupita bila kuliona. Eva, akiogopa kumpoteza binti yake, anaanza kumkumbatia rafiki wa binti huyo, anamruhusu alale kwao, anampa nasaha. Binti wa damu anatazama nafasi yake ikijazwa kabla hajaondoka. Hakuna kelele. Ni wivu mdogo wa nyumbani, umeandikwa kwa kalamu nyembamba.

Kicheko

The Awful Truth ni ya maneno ya kasi na milango inayofunguka wakati mbaya. Leo McCarey alipata Oscar ya uongozaji kwa filamu hii, na mengi aliyatunga papo kwa papo akiwa na waigizaji. Ndiyo maana mazungumzo yanapumua. Lucy anapojifanya dada wa Jerry mbele ya wakwe watarajiwa wa Jerry, Dunne anafanya mambo ambayo waigizaji wengi wa leo wasingethubutu. Kwa asiyezoea picha zisizo na rangi na Kiingereza cha harakaharaka, dakika kumi za kwanza zitahitaji subira.

It's Complicated inachekesha kwa miili ya watu wazima isiyoona haya, na Baldwin mbele ya kompyuta bila nguo ni wa kukumbukwa. Crazy, Stupid, Love inapanga vichekesho vyake kama domino, moja inaangusha nyingine, hadi bustani ya nyuma ya nyumba inapojaa watu wote na siri zote kwa wakati mmoja. Enough Said inachekesha kwa kuguna: Eva akipandisha meza nzito ya kukandia ngazi ndefu, na mteja wake kijana amesimama juu akimtazama bila kunyoosha mkono.

Zinavyofunga

Usiku wa mwisho kabla talaka yao haijakamilika, Jerry na Lucy wako nyumba moja shambani, vyumba viwili, mlango mmoja usiofunga vizuri, na saa ya ukutani inaelekea usiku wa manane. Sitasema zaidi. Filamu hii haijaficha upande iliko tangu mwanzo.

Crazy, Stupid, Love nayo inaegemea ndoa ya kwanza, ila haikupi hati iliyotiwa muhuri. Inakupa watu wawili wanaocheka pamoja tena. Na kabla ya hapo inakupa tukio ambalo lingetosha kuwa mwisho: Cal huwa anakuja kwa siri usiku kumwagilia bustani ya nyumba aliyoihama, na siku moja Emily anampigia simu akijifanya anahitaji maelekezo ya kuwasha kichemsha maji, akitaka tu kuisikia sauti yake, bila kujua kwamba Cal yuko dirishani anamwona hana anachokiwasha. Cal anamwelekeza hatua kwa hatua.

Meyers na Holofcener wanafunga kwa utulivu zaidi. Jane na Jake wanakaa na kuzungumza kama watu waliokwisha kujua gharama ya kila neno. Eva anapata barazani kile alichokipoteza sebuleni, au angalau nafasi ya kukiomba. Anayetaka busu la mvua na muziki wa juu asiende huko.

Inategemea ulipo

Kama talaka ni mbichi na unahitaji mtu akuonyeshe kwamba fedheha hiyo imewahi kumpata mwingine, anza na Crazy, Stupid, Love. Ni karibu saa mbili. Itakuliza mgahawani na kukuchekesha baa. Tahadhari yangu ni moja: inaacha mlango wa kurudiana wazi. Kama mwenzako amekwisha kuoa au kuolewa, mlango huo utakutesa. Subiri mwaka mmoja.

Kama mtalaka wako ameanza kukupigia simu za usiku, na sauti yake imerudi kuwa tamu, tazama It's Complicated kabla hujajibu. Nayo ni ya karibu saa mbili. Haitakukataza, wala Jane hakukatazwa. Inakuonyesha tu utakaokutana nao njiani: watoto, mke wake wa sasa, na wewe mwenyewe asubuhi. Marekani iliwekwa daraja la R, kwa hiyo si ya kutazama na vijana wadogo. Ni nzuri mno kwa wanawake marafiki wa zamani wanaokutana kwa chupa moja na hadithi nyingi.

Kama wewe na mwenzako mmenuniana, hamjafika mahakamani, na bado mnaweza kucheka kwa pamoja, The Awful Truth ndiyo yenu. Ni saa moja na nusu tu. Haina mahubiri, haiwatajii ushauri nasaha. Inakumbusha kwamba yule anayekuudhi ndiye pia anayeelewa mizaha yako. Lakini kama ndoa yako ilikuwa na kipigo au dharau, iache. Wepesi wake haukuandikwa kwa ajili ya mtu aliyetoka mahali pa hatari.

Kama kidonda kimepona, nyumba imekuwa kimya, na kuna mtu amekuomba mkale pamoja, tazama Enough Said usiku wa kabla ya miadi. Nayo ni ya saa moja na nusu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na Albert ni aina ya mtu ambaye wengi wetu tungempita sherehe ile bila kumgeukia mara ya pili.

Na kama ni wewe ambaye mtalaka wako amepata mtu, na orodha ya makosa yake bado iko mdomoni mwako tayari kwa yeyote atakayeuliza, ni hiyo hiyo Enough Said. Safari hii usimfuate Eva. Mfuate Marianne, kila mara anapofungua mdomo kuhusu vitunguu.